Mama wa Mtu

Saa kumi na mbili asubuhi namwinua Bi Ersilia:
mkono wa kulia chini ya kwapa, wa kushoto kiunoni,
moja, mbili, tatu,
na mifupa yake inaitika kama mlango wa kabati kuukuu.
Namwogesha. Maji vuguvugu, sabuni ya lozi,
katikati ya vidole vya miguu, nyuma ya masikio,
chini ya maziwa yaliyonyonyesha watoto watatu,
wote hai, wote wana magari,
wote huja Krismasi.

Ananiita Lucia. Lucia alikuwa dada yake.
Mwaka wa kwanza nilimsahihisha:
mimi Desislava, natoka Bulgaria.
Siku hizi naitika tu.
Kuitika hakumo katika mkataba.

Akisinzia, naiegemeza simu kwenye chupa ya siki
na humo jikoni Bologna anaingia mama yangu,
au tuseme paji la uso la mama yangu,
maana hajajua bado simu hushikwa wapi.
Ana miaka themanini na mmoja.
Kijiji kina watu kumi na tisa.

"Kumi na wanane," anasema.
"Grozdan wa kinu tulimzika Jumatano.
Vijana walichimba kaburi vizuri."
Vijana gani, mama?
"Yordan na Metodi."
Yordan ana sabini na miwili.
Metodi ana sitini na tisa, na goti la chuma.

Kwetu marehemu hubandikwa picha kituo cha basi,
jina, miaka, na neno la wanaolia.
Sasa nyuso za ukutani zimezidi nyuso za madirishani,
na basi lenyewe huja Jumanne, likikumbuka.
Shuleni nilikosoma Metodi anafuga mbuzi.
Ramani ya dunia wameianza kutoka chini:
Ajentina imekwisha, Australia imekwisha.
Italia, mama anasema, hawajaifikia.

Kila mwezi natuma euro mia mbili.
Za kuni. Za dawa ya presha.
Na kidogo kwa mke wa Yordan, apitie jioni
aone kama moshi unatoka.
Mke wa Yordan ana sabini na sita.
Moshi wake sijui anautazama nani.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana:
waliosema hivyo walikufa na miaka hamsini,
hawakuufikia ubeti wa pili.

Leo simu imeteleza kidogo
na nimeona, juu ya nyusi, doa la zambarau.
"Nimejigonga mlangoni," anasema mama, upesi.
Mlango!
Bi Ersilia naye husema mlango.
Nina cheti, saa hamsini za mafunzo, muhuri wa manispaa:
naijua rangi ya jeraha la siku mbili
na rangi ya jeraha la wiki,
najua mtu akianguka usiku hulala sakafuni kwa muda gani
kabla ya kuona aibu ya kuita.
Najua pa kushika.
Kulia kwapani, kushoto kiunoni.
Mikono hii hapa, kilomita elfu na zaidi,
inanuka sabuni ya lozi.

"Umekula?" ananiuliza.
Nimekula, mama.
"Na huyo bibi wako, amekula?"
Amekula.
"Mfunike miguu. Sisi hupoa kuanzia miguuni."
Picha inaganda, mdomo wazi,
kisha kioo kinaniletea uso wangu,
na mvi mbili ambazo jana sikuziona.

Usiku nafunika miguu.
Bi Ersilia anafumbua macho, anaishika kanzu yangu
kwa nguvu ya mtoto aliyepotea sokoni.
"Lucia," ananong'ona, "mama yuko wapi?"

Yuko nyumbani, namjibu.
Hajambo. Ameshakoka moto.
Anakusalimu.