Shuka ya Ndoa

Ufini, majira ya baridi, 1918

Mwaka ule, Januari,
waya ulinena shari:
"Mji mkuu si shwari,
taa imo mnarani."

Kazi yangu ni tiketi,
kitini, nyuma ya geti,
nikihesabu paketi
za barua sandukuni.

Kituo cha Kivijoki:
theluji haipunguki,
mlango haufunguki
mpaka uchimbe chini.

Ndugu zangu ni wawili,
Nestori na Eemeli;
buti walizibadili
kwa zamu, kwenda shambani.

Shamba si letu, la kodi:
siku tatu bila budi,
kwa jua na kwa baridi,
tulilipa mgongoni.

Nestori kasema: "Basi!
Nasi tupate nafasi!"
Akaondoka kwa kasi
kwa Wekundu kiwandani.

Eemeli wa zaburi,
mpole, mtu wa siri,
alitoka alfajiri
kwa Weupe msituni.

Usiku ule wa mwisho
mama hakutoa tisho,
hakuuliza la kesho;
aliketi sakafuni.

Shuka ya ndoa katwaa,
akaikata kwa taa:
vitambaa, vitambaa
vya kufunga mikononi.

"Hilma, lete wino wako
mwekundu, ulio kwako."
Tukaloweka kwa mwiko
nusu yake karaini.

Ya Nestori ikatona,
hadi leo naiona:
tone, tone, ikinena
njia yake thelujini.

Nchi nayo ikakatwa:
kusini kumekamatwa,
kaskazini wameitwa,
sisi tumo mshononi.

Vita vya wakata miti,
maseremala wa viti,
wasiojua kwa dhati
kufunga jicho ni lini.

Behewa la ng'ombe jana,
leo ngome, mbao pana,
mchanga umesongana
na mzinga dirishani.

Likapanda, likavuta,
darajani likakuta
reli imeng'oka mita
arobaini mtoni.

Hapo vita vikaganda
wiki tatu, bila kwenda,
na vidole vikivunda
ndani ya soksi, butini.

Wekundu wa Jumatatu
walinywea kopo letu;
Weupe, siku ya tatu,
kopo lile mkononi.

Kahawa yenyewe jina:
shayiri, buni hakuna;
chungu, lakini waona
joto likishuka ndani.

Wote swali lao moja:
"Wamepitia daraja?"
Nikajibu, nikingoja:
"Macho yangu tiketini."

Siku moja kulipocha
mizinga haikuacha;
ikavunja saa na picha
zilizotundikwa ndani.

Weupe wakateleza,
shuka wamejitandaza,
macho bure nikikaza
kuwaona uwandani.

Ila kitambaa chetu,
wino wa ofisi yetu,
kikaita kila mtu:
"Nipigeni! Nipigeni!"

Akaletwa kwa ubao,
wenzake, wanne, nao
wakitweta, pumzi zao
zikielea hewani.

Uso sikuufunua;
kwa buti nilimjua:
soli inayojitoa,
ifungwayo na kitani.

Mama akakifungua
kitambaa, akafua,
wala hatukutambua
wino ni upi majini.

Eemeli kaingia,
skii ameshikilia;
kopo nikampatia,
hakutia mdomoni.

"Hilma," akanong'oneza,
"bado lilikuwa giza,
rangi tu iliangaza,
wala sikuona nani."

Mama kazileta buti,
kaziweka penye kiti:
"Zamu yako sasa, keti,
uzivae miguuni."

Waya ukabisha tena:
vituo, mito, majina.
Wino mwekundu hakuna;
penseli tu, vidoleni.

Nje, bado Februari.
Ramani iko tayari:
imepigiwa mistari
kwa rula, hadi kusini.