Papo Hapo

Jumatatu usiku, kantini ya shule, Nebraska.
Marefa tisa, kahawa iliyochacha,
viti vya watoto vinatubana mapaja.
Orrin Sedlacek analowesha kidole, anafunua kitabu,
anasoma kama asomaye wosia wa mtu aliyemdai:

kuzuia chini ya kiuno ni halali
ndani ya eneo, yadi nne kushoto, nne kulia,
tatu nyuma ya kila mstari,
kwa waliokuwa mstarini mpira ulipoanza,
na zuio liwe la papo hapo.

"Papo hapo ni muda gani?"
anauliza Dacey, msimu wake wa kwanza,
filimbi yake bado inang'aa.

Hakuna anayecheka.
"Kabla hajanyanyuka," anasema Orrin.
"Akishasimama, akaona, akachagua,
kisha akarudi chini,
hiyo si papo hapo. Hiyo ni nia."
Na mkono ukigusa mbavu kwanza, ukateleza hadi paja?
Mguso wa kwanza ndio shahidi.
Na mpira ukisharushwa nyuma, nje ya eneo?
Hapo meza inagawanyika, chumvi huku, pilipili kule,
vibonge vya sukari vimepangwa kuwa safu ya ulinzi.

Mimi nimenyamaza.
Ijumaa nilisimama hatua saba kutoka kwa Tucker Hruska,
namba sitini na nne, mtoto wa mkulima wa mahindi.
Bega liliinama. Nikahesabu, au nilidhani nimehesabu.
Bendera ya njano ikabaki mkandani mwangu
na goti likalia kama bua kavu.
Baba yake alishuka ngazi za jukwaa
bila kukimbia.

Video inasema nilikuwa sahihi.
Orrin ameisimamisha mara nane
na mara ya sita alikuna kidevu.

Sheria ni msumeno, tunaambiana,
hukata mbele na nyuma.
Lakini goti hukunjwa upande mmoja tu.

"Nionyeshe," Dacey ananiambia.
Tunasogeza meza. Anachuchumaa kwenye vigae,
vidole vitatu sakafuni.
Nami nachuchumaa mkabala naye,
magoti yangu ya miaka hamsini na nane yanalalamika.
Orrin anaokota kibonge cha sukari, anakirusha nyuma.

"Sasa," nasema.
"Sasa bado."
Kibonge kinagonga ukuta.
"Sasa..."

Wote wananitazama mdomo.