Kanda ya Tisa, Upande wa Pili

Wameniletea kanda kumi na moja ndani ya boksi la sabuni:
mihadhara ya Profesa Mwalugaja, Mlimani, mwaka wa mvua ile.
Chapa kila neno, mkuu wa idara kasema.
Na vikohozi? Vikohozi acha.

Siachi. Naandika: (anakohoa).
Naandika: (tumbili juu ya bati, ukumbi unacheka),
maana hata yeye alinyamaza
akawasubiri tumbili wamalize hoja yao.

Sikusoma falsafa. Nilisoma uhazili, Tabora,
maneno themanini kwa dakika bila kutazama vidole.
Lakini kanda ya tisa imenishika mkono.

"Hesabuni," anasema, chaki inagonga ubao,
"kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo.
Siku nne tumezipa majina na hazijazaliwa!
Haya, rudini nyuma. Jana. Juzi.
Kisha?"
Kimya. Feni.
"Kisha majuzi! Gunia moja, tumetia zote humo,
vita, ndoa, deni la dukani,
tukafunga kamba.
Sasa nani huyo aliyewaambia hamna kesho?
Ninyi mmepungukiwa na jana."

Mtu anasimama. Kiti kinalia.
Jina lake Sikujua. Sikujua Ndimbo, mwaka wa pili,
nami sina budi kuchapa, mstari baada ya mstari,
SIKUJUA na nukta mbili,
kana kwamba naungama.

SIKUJUA: Mama yangu akikumbuka msiba hasemi majuzi.
Anasema siku ile.
Siku ile iko wapi, Profesa? Mbele au nyuma?

Nasikia chaki ikiwekwa chini.
Nasikia mvua ikianzia upande wa Changanyikeni,
inakuja juu ya mabati kama darasa lililoachiwa.
Nasikia: "Binti, umenipata. Siku ile haiko nyuma.
Siku ile —"

Umeme.

Baada ya hapo ni mvumo tu, hadi utepe unakwisha.

Nimempigia aliyeshika kinasa sauti; sasa ana duka la nyaya, Mwenge.
Profesa aliendelea gizani saa nzima, anasema,
haijapata kutokea,
ila yeye alikuwa anatafuta kiberiti.
Wakili mmoja wa Upanga: alisema iko mbele, nakumbuka vizuri.
Mwingine akaapa: alisema hajui, akacheka,
akavaa koti akaenda zake.
Profesa mwenyewe hayupo wa kuulizwa.
Sikujua hajapatikana.

Mkuu anataka ukurasa wa mwisho Ijumaa.
Mtondo, kwa hesabu yangu.
Nimeandika swali. Nimeandika siku ile, na kistari.
Ninayo na mimi yangu, siku ile,
hiyo siichapi.

Kisha, kwa kuwa ni kweli,
na kwa kuwa nalipwa kwa ukurasa,
nikaongeza: (mvua).