Hatua za Chifu Kizibo

Siku ya kwanza studioni, Elkana Mudibo
alikuja na koti la shemeji yake,
mikono imemezwa hadi kwenye kucha.
Mwembamba, waya wa antena.
Tukamuuliza, unaweza kuwa chifu mnene?
Akavuta pumzi, akaishusha tumboni,
akakohoa mara moja,
na kiti kikalia chini yake.
(Kiti nilikiliza mimi. Ndiyo kazi yangu.)

Jumapili saa tisa Kizibo yuko hewani:
Kaloleni, Makadara, Shauri Moyo,
sufuria zinangoja. Vinyozi wa Burma
wanaondoa nyembe shingoni mwa watu
hadi kicheko kipite.
Nami pembeni, na sinia la kokoto,
bawaba isiyotiwa mafuta,
kiatu cha kushoto cha marehemu baba,
namtembeza.
Yeye amesimama tuli kwenye maikrofoni, soksi zimetoboka;
nchi nzima inamsikia akipanda ngazi, akihema.

Barua zikaja: Chifu, punguza ugali.
Mama mmoja wa Kangemi akamshonea mshipi
wa inchi hamsini na mbili.
Aliutundika ukutani. Huo hakuufanyia mzaha.

Halafu filamu. Wakamfunga mto tumboni,
wakampaka poda. Akajifunza upya kuanguka:
redioni unaanguka kwa neno moja,
mbele ya kamera unaanguka mara kumi na nne
na goti linahesabu.
Usiku wa uzinduzi foleni ilizunguka jengo.
Mtoto akamvuta shati: "Wewe si yeye. Yeye ni mnene."
Mudibo, kwa ile sauti ya tumbo: "Nimefunga."
Mtoto akarudi hatua mbili, akatoa shikamoo.

Sasa ana dereva. Jina lake linawaka kwa taa.
Wakimuuliza alianzia wapi
hujibu "redioni"
kama mtu anayesema "kwa mama."
Mimi hanitaji. Simdai.

Lakini jana nilikata tikiti, nikaketi safu ya mwisho.
Giza. Kizibo akatokea mlangoni pa ofisi,
akaanza kushuka ngazi,
nami nikafumba macho.
Bawaba. Kokoto. Moja. Mbili.
Waliniita usiku, mara moja tu,
jina halikuingia kwenye orodha;
nilikwenda na sinia langu ndani ya gunia.

Ukumbi ukaangua kicheko
kabla hajafungua mdomo.
Mguu wake.
Kiatu cha baba.