Jina Kama Lilivyo kwenye Cheti

Fomu inasema: andika jina kamili
kama lilivyo kwenye cheti.
Cheti kipi, enyi wenye fomu?

Cha darasa la saba ni Mwantumu.
Cha kidato cha nne ni Mwatumu,
n ilidondoka mahali kati ya Pongwe na baraza la mitihani
nami sikuiokota, nilikuwa na miaka kumi na saba
na daraja la pili mkononi.
Cha shahada ni Mwanatumu,
kwa herufi za dhahabu,
na nani hubishana na dhahabu?

Kwa Shekiondo, Barabara ya Kumi na Mbili,
kuskani mia tano, kuchapa mia tatu, ushauri bure.
“Dada, mashine haijui
kwamba hawa watatu wanalala kitanda kimoja.”
Anacheka. Mie nahesabu siku. Zimebaki nne.

Ada ya maombi nimeshalipa, pesa ya mchezo.
Zamu ilikuwa ya Bi Mwanakheri, akanipisha:
“Bati langu limevuja miaka sita,
litavuja na wa saba. Kasome.”

Nikampigia Dokta Semng’indo, barua ya udhamini.
“Mwantumu yupi? Nimefundisha wengi.”
Yule wa dirishani, mwalimu,
aliyekuuliza kwa nini kamusi halina maneno ya bibi yake.
Kimya. Kijiko kinazunguka kikombeni.
“Aa. Yule mbishi.”
Barua ikaja usiku uleule, mistari kumi na miwili,
na mbishi ameandikwa “mdadisi”.

Sasa niseme nisiloulizwa.
Miaka kumi na minne nipo masjala ya hospitali.
Akishapokea mkunga, napokea mimi,
kwa kalamu ya bluu, daftari la mistari.
Siku moja mama wa Kidigo, jasho halijamkauka,
alinitajia mwanawe: Nadzua,
mtoto wa juani, kazaliwa saa saba mchana.
Foleni imefika mlangoni, feni imekufa.
Nikaandika Najua.

Nilijua nini?

Yule mama hakusoma, alishukuru, akaenda.
Binti sasa ana miaka kumi na mmoja,
anaitika Najua shuleni, Nadzua nyumbani,
na ipo fomu mahali fulani, haijachapwa bado,
inamsubiri.

Kisanduku cha mwisho: eleza, kwa maneno mia tano,
kwa nini unataka kusoma shahada ya uzamili.
Niliandika “kukuza taaluma yangu”. Nikafuta.
Niliandika “kuchangia maendeleo ya taifa”. Nikafuta,
taifa halikuwapo siku ile masjala.
Nikaandika: nataka kuchunguza
majina yanakufa vipi mikononi mwa makarani.
Ushahidi wa kwanza ninao. Mwandiko ni wangu.

Kesho yake, kwa wakili wa Chumbageni:
elfu thelathini, muhuri mwekundu, kiapo.
“Mimi Mwantumu, Mwatumu na Mwanatumu
ni mtu mmoja na yuleyule.”
Nikaapa. Ulimi ulisita kidogo.
Mwatumu alitaka kuwa rubani.
Mwanatumu aliolewa, akaachika, akaficha kitabu cha fonolojia
chini ya unga.
Mwantumu ndiye anayeitwa na mama, akichelewa kula.
Mtu mmoja? Wakili alikuwa na mteja mwingine.
Nikatia saini.

Siku ya mwisho umeme ulikatika saa mbili, ukarudi saa tano.
Shekiondo hakufunga duka, alikaa na mshumaa na karanga,
akamenya, akanigawia, hakusema neno.
Saa tano na dakika hamsini na mbili
akabonyeza.

Jibu likaja papo hapo, la mashine:
Ndugu MWANTUM, ombi lako limepokelewa.

“Wamekula u,” akasema Shekiondo. “Tuwaandikie?”
Acha.
Nikamtazama mgeni huyu wa nne pale kwenye kioo,
hana cheti, hana deni, hajui hata Makorora ni wapi.
Karibu, nikamwambia.
Tupo watatu humu. Tutasogea.