Ukurasa wa Mwisho

Kitabu chetu kilifika Maskati bila ukurasa wa mwisho.
Nani aliuchana, hakuna aliyekiri:
mama alimshuku Shamsa, Shamsa akawashuku panya,
na miaka hamsini, kila Ramadhani baada ya tarawehe,
tumekaa Ruwi, feni inapiga, tunahukumu:
ni mpishi. Si mpishi, ni mjane.
Bi Ghaniya peke yake alishika lake:
"Daktari. Hamwoni asivyokoroga sukari?"

Juzi tukasikia kimefanywa filamu.
Tukajaa gari mbili, ubani nguoni,
tikiti saba, bisi za chumvi,
Bi Ghaniya katikati, miwani juu ya miwani,
kama shahidi aliyeitwa mahakamani.

Astaghfirullah.
Mpelelezi wetu, yule mnene, mwenye pumu,
aliyepanda ngazi kwa vituo vitatu
na kufikiri huku akimenya chungwa
bila kulikata ganda,
wamemkondesha!
Wamempa bastola na ndevu za kuchonga,
anaruka mapaa. Chungwa halimo.
Na ile sura ya kumi na moja, ya ukimya,
watu tisa mezani na saa inayokwenda nyuma,
ambayo mama akiisoma hata mtoto mchanga alinyamaza,
wameitia moto. Gari linalipuka.
Mle kitabuni hamna gari;
nyumba ile ilifikiwa kwa punda.

Daktari? Wamemfuta.
Mwuaji wao ni mtu ambaye hakuwahi kuwemo,
kaingia dakika za lala salama, kacheka, kakamatwa.
Taa zikawaka. Hilal, aliyelipa,
akawa anatazama viatu vyake.

Tulisimama Ghala, kituo cha petroli,
chai ya karaki kwenye vikombe vya karatasi.
Tukangoja Bi Ghaniya alaani,
maana ulimi wake tunaujua.
Akatia sukari vijiko viwili.
Hakukoroga.
"Alhamdulillahi," akasema, "hata wao hawajui."

Kisha akaufungua mkoba wake,
ule ambao hata kwenye ndege hamwachii mtu,
akatoa leso, akafuta miwani ya juu, akafuta ya chini,
akaufunga upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.
Nikaona, au nilidhani nimeona,
pembe ya karatasi ya manjano, imekunjwa mara nne.

Wenzangu walikuwa wameshaanza: mpishi, mjane, mpishi.
Nikanywa chai yangu.
Shaaban imebaki siku tisa.