Uvungu

Mwaka juzi Tumpale alichomelea mabenchi ya mazoezi,
futi sita kila moja, ya mtu mwenye sebule;
lori la Tunduma likayabeba kama magunia ya viazi.

Safari hii mteja wa Lusaka kapiga simu:
"Nyumba zimekuwa vyumba, fundi.
Nataka kitu kikunjike, kiingie uvunguni,
na mke wangu asijikwae."

Akazima mashine, akachukua futi kamba,
akapima uvungu wa kitanda chetu:
sentimita ishirini na mbili,
pamoja na viatu vyangu.

Wiki tatu Mwanjelwa ikanuka chuma cha moto.
Bawaba za geti, springi za gari bovu,
tyubu ya baiskeli pa kushikia.
Mimi na daftari: ushuru, nauli,
kwacha iliyoshuka tukiwa tumelala.

Mama mkwe akaingia, katoka Igawilo kwa miguu,
mkungu wa ndizi kichwani.
Akakinyanyua kile chuma kwa mkono mmoja,
akakigeuza, akakiweka.
"Na huko kwao hakuna vilima?"

Hatukumjibu.
Alfajiri, ukungu ukiwa bado mlangoni,
tulipakia arobaini kasoro moja.
Moja lilikataa kukunjika.